Vichwa Nilivyovikanda na Kimoja Nisichokigusa

Kijana, kabla hujameza hicho kidonge, niambie kwanza umekula nini leo. Hujala. Nilijua. Na jana ulilala saa ngapi? Basi weka kidonge mezani, uketi hapa karibu na mzee pamoja na wenzako, tuzungumze. Kichwa chako hakitakimbia.

Mimi nilikuwa dresa. Siku hizi neno hilo limekufa, na ninyi mnaosomea kazi ya kutibu mna vyeo virefu. Lakini miaka ile ya baada ya Uhuru, zahanati ya mlimani ilikuwa na dresa tu. Ndiye aliyefunga vidonda, aliyegawa vidonge, aliyechoma sindano, na akipita njiani aliitwa Daktari, hata kama moyoni alijua kwamba udaktari uko mbali naye kama Mombasa. Nilianzia mjini Kisii, nikapelekwa upande wa Nyamira, kisha nikakaa muda mrefu kwenye zahanati ndogo juu ya Masimba, kwenye baridi ya chai na pareto. Nimeona malaria, nimeshona watu waliokatwa na panga, nimezalisha wanawake njiani. Lakini ugonjwa uliopita mikononi mwangu kuliko yote ni kichwa. Na ugonjwa unaoniuma mpaka leo ni hicho hicho, ingawa kichwa chenyewe hakikuwa changu.

Sisemi kichwa cha malaria, hicho kina homa yake na baridi yake. Wala sisemi kile kinachokuja na shingo iliyokauka kama mti, mgonjwa anatapika na kukimbia mwanga. Huyo usimshike, mpeleke hospitali kubwa mbio. Ninasema kile kinachoanza mchana pole pole, mtu anahisi kama amefungwa kamba kuzunguka kichwa na mtu asiyemwona anaikaza. Hakuna homa. Hakuna kidonda. Ukimpima humkuti na kitu, na yeye anateseka kweli. Wenzangu wengi waliwaita watu hao wavivu. Nami ningewaita hivyo hivyo kama nisingekutana na Mzee Odera.

Mzee Odera alikuwa Mjaluo wa kando ya ziwa, dresa aliyenitangulia kazini miaka mingi. Alikuwa amefunga vidonda jeshini wakati wa vita vya Wazungu. Aliniambia kwamba kule vitani, waliougua kichwa sana si waliopigana, ni waliokuwa wakingoja kupigana. Sikumwelewa. Nilikuwa kijana, nimefaulu mtihani wangu, nikidhani dawa yote iko ndani ya chupa.

Siku moja ya soko akanichukua mpaka Daraja Mbili, ambako siku hizo soko halikuwa limepanuka hivi, akaninunulia ndizi mbivu na kuniambia nile nikiangalia akina mama. Nikala. Niliona akina mama wanashuka kutoka vilimani na mikungu vichwani, wanatua, wanapangusa jasho, wanaanza kubishana bei. Nikamwambia sioni ugonjwa wowote.

"Wewe unaangalia mdomo," akasema. "Angalia yule. Mkungu iko chini saa hii yote, lakini mabega bado inabeba. Ukimpa dawa, dawa itaenda kwa kichwa, na kichwa haina makosa."

Nilipomtazama yule mama tena, nikaona. Mabega yalikuwa yamepanda karibu na masikio na hakuwa na habari. Tangu siku hiyo sijaweza kukaa kanisani bila kuangalia mabega ya watu. Mke wangu amenigombeza sana kwa jambo hilo.

Sasa sikilizeni, maana hii ni kazi. Kichwa cha namna hii unakianzia mabegani. Mgonjwa anavua shati, au mama anashusha leso kidogo nyuma ya pazia, anaketi kwenye stuli akikupa mgongo, analaza mikono mezani na paji la uso juu ya mikono. Wewe chovya mikono yako kwenye karai la maji ya moto kwanza. Mkono baridi humfanya mtu ajikunje kama konokono, na hapo umeharibu kabla hujaanza. Paka mafuta kidogo. Anza nje, kwenye mabega, kwa kiganja. Ukikuta fundo, usilipige vita. Weka kidole gumba juu yake, ukae nalo mpaka mgonjwa avute pumzi ndefu mwenyewe. Ndipo upande shingoni, mpaka pale fuvu linapokutana na shingo. Kuna vishimo viwili pale, kushoto na kulia. Ukivipata, mgonjwa mwenyewe atakuambia kwa sauti ambayo si maneno. Na usimgeuze mtu shingo kwa nguvu mpaka ilie, kama vinyozi wanaotafuta sifa. Shingo haina spea.

Na wakati unakanda, uliza. Lakini usimuulize ana shida gani, atakuambia hana. Muulize mahindi yanaendeleaje. Muulize jirani yake anaitwa nani. Kichwa cha namna hii huwa kina mtu ndani yake, na jina la mtu huyo litatoka lenyewe mabega yakianza kulegea.

Nilikosea mara nyingi kabla sijajua. Karani mmoja wa ushirika alikuja akilia kichwa, nami siku hiyo nilitaka kuonyesha ufundi. Nikachukua dawa ya kuchua, ile yenye harufu ya kutoa machozi, nikampaka kipajini nyingi, kisha nikamfunika uso kwa kitambaa cha moto. Mvuke ukaipeleka dawa yote machoni. Karani aliruka, akaangukia benchi la akina mama waliokuja na watoto, akatoka nje akiitafuta mvua. Baadaye aliniambia kwamba kichwa hakukihisi tena siku ile, kwa kuwa macho yalikuwa yameshika zamu.

Na sindano! Watu wetu walipenda sindano. Ukimpa mtu vidonge alijua umemnyima. Mama mmoja kutoka upande wa Nyamarambe, aliyekuwa ameolewa huku kwetu, alitaka nimchome sindano ya kichwa, na akanionyesha kwa kidole mahali pa kuchoma, katikati ya utosi. Nikamwambia sindano hiyo hupewa mtu aliyekula. Nikampa uji, nikamkanda, nikamlaza kwenye mkeka. Alipoamka jua lilikuwa limeshuka, akaniuliza mbona nimemchoma akiwa amelala. Akaenda zake amepona, akawaambia watu kwamba sindano yangu haiumi.

Vidonge sivikatai. Aspirini ni dawa nzuri ukiimeza na chakula, siku moja moja. Lakini nimewaona watu wanaoimeza kila siku kama chai, mpaka kichwa kinawauma kwa sababu kidonge kimechelewa. Mtu wa namna hiyo hutamtibu kwa kumwongezea. Unampunguzia, na atakuchukia wiki mbili tatu, halafu atakuletea kuku.

Sasa nifike kwa baba yangu. Nimezunguka sana, na najua mmeniona nikizunguka.

Baba alikuwa mkulima wa pareto na ndizi, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Nyumbani kwake si mbali na zahanati yangu ya Masimba. Kichwa kilimwanza miaka ile mashamba yetu yalipopimwa, alipokosana na ndugu yake kwa sababu ya kipande cha ardhi kando ya kijito. Waliendelea kusali kanisa moja, wanakaa benchi moja, hawasalimiani. Ikifika mchana baba alijifunga kichwa kwa leso ya mama, anakaa kivulini, hataki mtu amsemeshe. Mimi nikipita niliyaona mabega yake kutoka barabarani. Yalikuwa yamepanda mpaka masikioni.

Yeye hakusema ni ndugu yake. Alisema ni paa. Alipokuwa kijana aliteleza akiezeka nyumba kwa nyasi, akaangukia kichwa, na aliamini kwamba fuvu lilipata ufa siku ile, na kwamba ufa huo sasa umeamka. Na kichwa chenye ufa, kwetu Kisii, kina fundi wake. Tunamwita omobari. Anapasua ngozi ya kichwa, anaukwangua mfupa pale palipoharibika mpaka pawe safi, kisha anafunga. Msicheke. Nimeosha vidonda vya watu waliopasuliwa hivyo baada ya kupigwa rungu, na wengi waliishi wakalima. Simdharau mtu huyo. Lakini kichwa cha baba hakikuwa na ufa. Kilikuwa na ndugu yake ndani. Na baba alikuwa amekwisha patana na omobari mmoja kwamba wimbi likivunwa ataenda akwanguliwe.

Mnaona basi jambo lilipokuwa. Watu walitoka ng'ambo ya mito kuja kukandwa na mimi. Baba yangu alikuwa anaenda kupasuliwa fuvu kwa maumivu ambayo mikono yangu iliyajua kama njia ya nyumbani. Na mikono hiyo haikuweza kumfikia.

Ninyi wa siku hizi hamtaelewa kwa urahisi. Kwetu kuna chinsoni. Ni heshima iliyochanganyika na haya, kati ya mzazi na mtoto wake aliyekua. Baba haingii chumba cha mwanawe. Mwana hamtanii baba yake, hamwoni akiwa amevua nguo, hamgusi mwilini. Mkono wa salamu, basi. Kumvua baba yako shati, umpake mafuta mgongoni kama mtoto mchanga, lilikuwa jambo la kuwaaibisha wote wawili mpaka kaburini. Mjukuu angeweza, maana babu na mjukuu kwetu ni marafiki, wanataniana na kushikana watakavyo. Lakini kifungua mimba wangu alikuwa bado ananyonya. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, nami mgeni niliyemhitaji alikuwa Mzee Odera, na Mzee Odera alikuwa amestaafu amerudi ziwani. Nilijaribu kumfundisha Nyakundi, rika la baba. Nyakundi alikuwa na moyo mzuri na viganja vya jembe. Baada ya mara moja tu baba alisema kwamba afadhali omobari, yeye hukwangua mahali pamoja.

Mganga hajigangi, ndivyo walivyosema wa kale. Mimi nimeongeza kwamba wala hamgangi baba yake.

Siku moja mchana baba akaja zahanati mwenyewe. Hakuwa amewahi kuja. Alivua kofia, akasimama ndani ya chumba changu cha kazi, na niliona kwa macho yake kwamba siku hiyo kichwa kilikuwa kibaya. Nilikuwa nimeshaamua. Kama ni aibu, nitaibeba.

"Tata," nikamwambia, "keti hapa nikushike shingo. Nitafunga mlango. Hakuna atakayejua."

Aliitazama stuli, akalitazama karai la maji ya moto, akautazama mlango.

"Ukifunga mlango," akasema, "si wewe bado utakuwa ndani?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Tukiwa tumesimama hivyo, akaingia kijana mmoja mpakizi wa magunia ya pareto, mkono kichwani, akilalamika. Nilidhani baba ataondoka. Badala yake akaenda kukaa kwenye benchi, ukutani, akaweka kofia magotini. Nikamkalisha yule mpakizi, nikachovya mikono, nikaanza kazi. Nilimkanda kijana yule kama sijawahi kumkanda mtu. Nilienda pole pole, nikakaa na kila fundo, nikavitafuta vile vishimo viwili chini ya fuvu. Sikumtazama baba. Nilipomaliza ndipo nikageuka.

Alikuwa amefumba macho, na mabega yake yalikuwa yameshuka.

"Kumbe kazi yako ndiyo hii," akasema. "Mimi nilijua unagawa vidonge." Kisha akavaa kofia, na alipofika mlangoni akaongeza, "Mkono wako si mzito." Baba hakuwahi kunisifu kabla ya hapo. Nililia nikiosha karai.

Tangu hapo akawa anakuja. Kichwa kikimkaza, alishika fimbo, akapanda mpaka zahanati, akakaa kwenye lile benchi kutazama nikikanda wengine. Akija mama, mzee alitoka nje mwenyewe bila kuambiwa. Akija mwanamume, alibaki. Watu walizoea. Wengine walisema mzee amekuja kusimamia kazi, asije mwanawe akazembea. Hawakujua kwamba mle ndani kulikuwa na wagonjwa wawili, mmoja chini ya mikono yangu na mwingine ukutani, na kwamba nikiona pumzi ya mzee bado fupi niliendelea kumkanda yule wa kwanza hata kama amekwisha pona na anataka kwenda zake. Wimbi likavunwa, likaanikwa, likaingia ghalani, na baba hakumtaja omobari. Nikaanza kutumaini.

Lakini anayetazama wenzake wakila hashibi. Hatimaye baba alienda kwa omobari. Alikwanguliwa, akapona kidonda, akaishi miaka kadhaa na shimo dogo juu ya sikio ambalo ungeweza kulaza ncha ya kidole ndani yake. Maumivu yalirudi kabla nywele hazijaota. Hakuja tena zahanati. Mtu aliyekwanguliwa hukaa nyumbani, anaogopa jua, anaogopa kujigonga, na baba alitembea miaka yake ya mwisho ameinamisha kichwa kama anayepita mlango mfupi. Alikufa hajawahi kukandwa na mimi. Ninajuta. Sitafuti neno jingine, hilo ndilo.

Watu wameniambia nisijute, kwamba ilikuwa desturi, kwamba nilijitolea naye akakataa. Ni kweli nilijitolea, mara moja. Lakini mimi huikumbuka siku ile ya mwisho aliyokuja kukaa benchini, kabla hajaenda kwa omobari, na ndiyo nataka kuwaachia.

Ilikuwa siku ya mawingu, mvua ya mawe imetoka kupiga chai. Baba alikuja mapema, uso umekunjamana, akakaa mahali pake. Nikatenga maji ya moto. Akaja mtoto mwenye kikohozi, nikamtibu. Akaja kijana aliyejikata mguu kwa panga, nikamshona. Akaja mwalimu mmoja kuomba dawa ya tumbo, na nusura nimuulize kama kichwa nacho hakimuumi. Baada ya hapo hakuja mtu. Tukakaa wawili, mimi kwenye stuli yangu, yeye ukutani, tukiutazama mlango, tukingoja atokee mtu yeyote mwenye maumivu ya kichwa. Nilibadilisha maji mara maji yalipopoa. Naye aliona nikiyabadilisha. Kutoka nilipoketi mpaka alipoketi, ningenyoosha mkono na kuinama kidogo tu ningemfikia.

Jua likaegemea. Baba akasimama kwa shida, akaweka kofia juu ya kichwa kile taratibu, kama mtu anayefunika chungu kilichojaa.

"Leo watu wote ni wazima," akasema. "Tumshukuru Mungu."

Nami nikasema amina.